Kumwandikia mkurugenzi mkuu hakutoshi

Wengi huamini kwamba malalamiko yakimfikia bosi mkubwa, atayasoma mwenyewe na kuwawajibisha waliokosea. Mara nyingi sivyo. Katika kampuni kubwa, barua pepe za mkurugenzi hupitiwa na wasaidizi, kisha hupelekwa kwenye kitengo maalumu cha malalamiko. Kitengo hicho kinaweza kurejesha fedha kwa uamuzi ambao mhudumu wa simu hana ruhusa ya kuufanya. Ndiyo maana wengine husaidiwa upesi, wakadhani bosi ameguswa.

Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni, alijulikana kwa kuwatumia watendaji wake malalamiko ya wateja akiongeza alama moja tu ya kuuliza, nao walilazimika kueleza chanzo cha tatizo. Nguvu ilikuwa katika kudai maelezo hayo. Pasipo utaratibu kama huo, wewe unarudishiwa pesa na jirani yako anaumizwa vilevile kesho, jambo ambalo binafsi linanikera sana.

Mteja wa simu Tanzania aanze kwa kampuni yenyewe, adai namba ya kumbukumbu na kutunza ujumbe wote. Asiporidhika, apeleke lalamiko TCRA, mamlaka inayozisimamia kampuni hizo.