Titi limetolewa kwa saratani, kapona, sasa analia nini?

Hili swali watu wanaliuliza sana huku Kigoma, kuanzia Ujiji mpaka Mwanga, na wanaouliza wala sio watu wabaya, ni mawifi, mashemeji, majirani waliochanga hela ya matibabu na wanataka wamuone mwenzao anacheka. Wanaona kidonda kimefunga basi yameisha, akilia anaonekana hamshukuru Mungu.

Jamani huzuni nyingi inakuja baadae. Wakati wa matibabu akili ilikuwa kwenye tarehe za dripu, nauli, safari ya hospitali, Bugando Mwanza au Ocean Road Dar, akirudi nyumbani watu wakipungua ndo anabaki yeye na mwili wake. Anajifunga kanga kifuani kama zamani, upande mmoja inakaa upande wa pili inateleza, anaishika kwa mkono, mwisho anaacha kwenda kuoga na wenzie ziwani anasubiri giza. Na huyo huyo anashukuru kuwa hai, kila siku.

Eti bibi wa miaka 60 titi la nini? La kwake! Umri haumzuii mtu kuumia.

Linaloniuma zaidi ni la chumbani. Mume anaambiwa asilale na mkewe saratani itamhamia. Haiambukizi kabisa, si kwa tendo la ndoa, si kwa kula sahani moja, si kwa kumkumbatia mtoto. Halafu kuna mume anayekaa mbali kwa kuogopa kumtonesha kovu, mke anaona nimeshamchukiza, wote kimya miezi inapita. Muulize tu panapouma ni wapi, atakuambia. Na hamu ikipungua msikimbilie kusema mapenzi yameisha, kemo (zile dawa kali za saratani) na vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni vinaweza kuleta joto la ghafla, ukavu ukeni na kuondoa hamu, hayo yanasemwa kwa daktari kama maumivu mengine.

Akisema titi lisilokuwepo linawasha, hayo sio majini, ni neva (mishipa ya fahamu) zilizokatwa.

Sidiria nayo, kidonda kikishapona fundi anaweza kushona mfuko kwa ndani ukaweka pamba au kitambaa laini na gauni likakaa vizuri tu, ila asiyetaka kuweka kitu msimlazimishe kuficha.

Kuna huzuni ya kawaida na kuna sonona. Ikipita wiki mbili hapati usingizi, hali chakula, hataki mtu, kila kitu kwake hakina maana, huo ni ugonjwa na unatibika, kwa ushauri nasaha na dawa pia, aende hospitali, hapa mjini Maweni ipo. Kama anameza tamoksifeni aseme mapema, maana baadhi ya dawa za sonona zinaipunguzia nguvu. Na akitamka bora nife, msimkemee wala msimuache peke yake, mpelekeni siku hiyo hiyo.