Kura za Seneti ya Kenya si 67

Wengi huamini kwamba mswada ukifika Seneti ya Kenya, maseneta wote 67 hupiga kura, kila mmoja na yake. Sivyo. Kwa jambo linalohusu kaunti, Ibara ya 123 ya Katiba ya 2010 huipa kila kaunti kura moja: jumla 47.

Kujadili ni haki ya wote. Mswada ukisomwa mara ya pili, seneta mteule, yaani aliyeteuliwa na chama bila kupigiwa kura na wananchi, husimama na kuukosoa sawa na aliyechaguliwa, na kamatini hoja yake inaweza kubadilisha kifungu kizima. Huko ndiko kazi ngumu hufanyika, na inasikitisha kwamba wananchi hawaifuatilii.

Wakati wa kura, kengele hulia, kisha karani huita kaunti moja baada ya nyingine. Seneta aliyechaguliwa, kiongozi wa ujumbe wa kaunti (maseneta wote waliosajiliwa kama wapiga kura katika kaunti hiyo), ndiye hujibu, akiwa ameshauriana na wenzake. Asipokuwepo, hujibu mwenzake aliyemteua.

Mswada hupita kwa kura 24, wingi wa kaunti zote, si wa zilizohudhuria. Kwa hiyo kaunti isiyojibu inaupunguzia mswada nafasi kama iliyoukataa.