Sukari moja, siagi mbili, unga tatu

Kazi yangu ni kufundisha uokaji, na wazazi huniuliza sana mtoto aanze na nini. Wengi wanataka aanze na keki kwa sababu keki inapendeza. Mimi huwaambia aanze na biskuti za vitu vitatu. Ndizo alizotufundisha mama, na mpaka leo sijaona somo la kwanza linalozishinda.

Kipimo chake tulikuwa tunakiimba: sukari moja, siagi mbili, unga tatu. Ni kipimo cha uzito, si cha kikombe, kwa hiyo mizani ndogo inahitajika. Gramu 100 za sukari, 200 za siagi, 300 za unga wa ngano, na chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili. Yai halimo, wala beking pauda. Kwa anayejifunza huo ndio uzuri wake, maana hakuna kiungo cha kuficha kazi ya mkono. Ukikanda kupita kiasi, utajua utakapotafuna.

Mama hakuwa mtu wa kutoa maagizo. Alitusogezea bakuli akauliza, "Mnaona nini?" Dada akijibu harakaharaka, "Imechanganyika, mama," anauliza tena swali lilelile, nasi tunainamisha vichwa kutazama upya.

Tulikaa sana kwenye siagi. Alitaka tuibonyeze kwa kidole: kidole kizame bila nguvu, kiache shimo lenye kingo safi, na siagi isiwe imeanza kung'aa kwa mafuta. Hali hiyo hupatikana kwenye nyuzijoto 18 hadi 20 hivi. Karibu asilimia 80 ya siagi ni mafuta, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kwenye joto hilo sehemu ya mafuta bado imeganda kwa chembe ndogo mno na sehemu nyingine imelainika, ndiyo maana siagi inapigika na inashika hewa. Punje za sukari zina kona kali, na kila mwiko unapozisukuma zinaburuta hewa kuiingiza ndani ya mafuta. Siagi iliyoyeyuka haiwezi kuishika hewa hiyo hata uipige mpaka jioni. Na kwa kuwa beking pauda haimo, wepesi wa biskuti hizi unategemea hewa hiyo pamoja na mvuke wa maji yaliyomo kwenye siagi.

Mabadiliko yenyewe yanaonekana na yanasikika. Mwanzoni mwiko unakwaruza bakuli, siagi ni ya manjano na imejikusanya katikati. Baada ya dakika chache rangi inapauka, mchanganyiko unaanza kushika kuta za bakuli, na mkwaruzo unafifia. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye hata kusoma alikuwa hajaanza, ndiye aliyesema kabla yetu, "Kelele imepungua." Mama akampa yeye heshima ya kumimina unga.

Unga hauna maneno mengi. Mafuta huzifunika chembe zake, maji yasizifikie kirahisi, na hivyo gluteni, yaani utando wa protini unaolifanya donge livutike, hujengeka kidogo tu na biskuti inamumunyika mdomoni. Changanya mpaka usione tena unga mkavu, halafu uache. Watoto wanapenda kukanda, basi wape kipande cha kuchezea kisichorudi kwenye trei. Wasilionje donge likiwa bichi, hata kama halina yai. Unga wa ngano ni chakula kibichi na unaweza kubeba bakteria kama salmonela.

Lifunike donge, liweke kwenye friji nusu saa ili mafuta yagande tena, kisha lisukume liwe na unene wa sentimita moja na ukate vipande vinavyolingana. Vikipishana ukubwa, vidogo vitaungua vikubwa vikiwa bado vibichi.

Oveni iwe kati ya nyuzijoto 160 na 170, na uanze kuchungulia kuanzia dakika ya 15. Natilia mkazo kuchungulia kwa sababu kila oveni ina tabia zake, na trei nyeusi huivisha chini haraka kuliko inayong'aa. Kingo hugeuka rangi kwanza kwa kuwa zinakauka mapema. Rangi hiyo ya dhahabu, na sehemu kubwa ya harufu, hutokana na mmenyuko uliopewa jina la Louis-Camille Maillard, mwanakemia Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912: protini na aina fulani za sukari zikikutana kwenye joto kali huzaa rangi na ladha mpya. Siagi huchangia hapo kwa mabaki ya maziwa yaliyomo ndani yake.

Zitoe kingo zikiwa za dhahabu na katikati pakiwa bado pamepauka. Watu wazima ndio wasioamini hatua hii. Wanagusa, wanaona ni laini, wanazirudisha ndani, na baada ya saa moja wana biskuti ngumu. Zikiwa za moto mafuta yake ni kimiminika, lazima ziwe laini. Ziache kwenye trei kama dakika 10 zishike. Mama alitupa kazi ya kuosha vyombo wakati huo ili mikono isiwe huru.

Mtoto akishazoea, mruhusu abadilishe kitu kimoja. Aweke sukari ya kahawia badala ya nyeupe, aone rangi na ladha vinavyozidi kukolea. Safari nyingine aongeze kiini cha yai, donge lishikane vizuri wakati wa kukata. Asibadilishe viwili kwa mpigo, maana hatajua kipi kilileta tofauti, na kila mara aandike alichofanya kabla biskuti hazijaliwa.