Je, wajua? Dereva asiyekumbuka alivyofika nyumbani hakuwa amelala

Mtu anayeendesha gari kila siku kutoka kazini hadi nyumbani huweza kuegesha, kuzima injini, kisha akagundua kwamba hakumbuki hata taa moja aliyosimama njiani. Wengi husema kwamba alilala macho wazi, na dhana hiyo si ngeni, kwani iliandikwa nchini Marekani tangu mwaka 1929. Hata hivyo, haistahimili maswali. Aliyepitiwa na usingizi kwenye usukani, hata kwa sekunde chache, mara nyingi huacha njia. Huyu alipunguza mwendo kwenye matuta, akawasha indiketa, akaipisha bodaboda iliyochomekea, na pengine akapiga honi ya kulaumu. Kusinzia barabarani ni hatari ya kweli, lakini ni hatari nyingine, nayo humpata hata mgeni wa njia.

Kilichokosekana hapa zaidi ni kumbukumbu. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Graham Reed alieleza kwamba dereva wa namna hii hakupotewa na muda bali amekosa matukio, kwa sababu muda uliopita huupima kwa mambo yaliyotokea ndani yake. Mfikirie askari wa geti mwenye daftari la wageni. Wakazi anawafahamu, kwa hiyo huwafungulia bila kuandika chochote. Kalamu huishika anapofika mtu asiyemjua. Siku isiyo na mgeni ukurasa hubaki mtupu, na atakayeusoma jioni anaweza kuapa kwamba getini hapakuwa na mtu, ilhali geti lilifunguliwa na kufungwa mchana kutwa. Kasoro ya askari huyo iko kwingine: gari analolifahamu halichungulii ndani.

Kasoro hiyo ilijitokeza katika utafiti wa Marieke Martens na Micah Fox uliochapishwa mwaka 2007. Washiriki walipita njia ileile mara nyingi kwenye mashine ya kuigiza udereva, na muda wa kutazama alama za barabarani ukazidi kupungua. Kisha, katika safari ya mwisho, makutano waliyozoea kupita kwanza yakageuzwa kuwa ya kupisha, na baadhi yao wakapita kama kawaida. Nchini Kanada, Matthew Yanko na Thomas Spalek walibaini mwaka 2013 kwamba walioizoea njia walilifuata gari la mbele kwa karibu zaidi, na walichelewa kuitikia lilipofunga breki.

Ajabu ni kwamba mazoea hayapofushi kila kitu. Katika Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, madereva waliorudia njia moja kwa wiki nyingi walizidi kuwa hodari wa kuzitambua Volkswagen Beetle walizoagizwa wazitafute.

Matokeo haya, hata hivyo, yametoka kwenye mashine za kuigiza udereva, ambako anayegonga haumii. Tena dereva hawezi kuulizwa anawaza nini bila kuzinduliwa papo hapo, na akiulizwa baadaye, mtafiti husoma daftari lilelile.