Mgongo Usiopona, Damu Inayopungua: Maswali na Majibu Kuhusu Mayeloma

Mayeloma ni ugonjwa gani?

Ni saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, ile sehemu laini ndani ya mfupa ambako chembe za damu hutengenezwa. Humo mna seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Moja ikiharibika na kuzaliana ovyo, ukoo wake hujaza uboho, hutoa protini ya aina moja isiyo na faida, na huchochea mfupa umomonyoke. Kwa kawaida hakuna uvimbe wa kupapasa kwa mkono, ndiyo maana wengi hugunduliwa wamechelewa.

Dalili ya kwanza huwa ipi?

Mara nyingi ni maumivu ya mifupa: mgongo, mbavu, nyonga. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu nani hajawahi kuumwa mgongo? Maumivu ya misuli kwa kawaida hupoa ndani ya wiki chache. Ya mayeloma hung'ang'ania na huzidi mtu anapojongea. Mfupa unaweza hata kuvunjika kwa jambo dogo, kama kukohoa kwa nguvu au kujigeuza kitandani. Pingili za uti wa mgongo zikibonyea, mtu hupungua kimo na mgongo hupinda, na waliomzunguka husema ni uzee tu.

Sasa nitaitofautishaje na maumivu ya kawaida?

Kwa kuangalia yanayoandamana nayo. Uboho ukishasongwa na seli za saratani, chembe nyekundu hupungua: mtu huchoka bila kazi, huhema akipanda ngazi, na ndani ya kope hupauka. Mfupa unaomomonyoka huachia kalsiamu kwenye damu, na hiyo huleta kiu, mkojo wa mara kwa mara, choo kigumu, kichefuchefu, na ikipanda sana, kuchanganyikiwa. Wengi wakisikia kiu na mkojo hufikiria kisukari. Sukari ikipimwa na kukutwa sawa, suala huishia hapo. Lisiishie hapo.

Ile protini nayo huziba mirija ya figo. Na kwa kuwa kingamwili nzuri zimepungua, nimonia na maambukizi mengine hurudi kila mara.

Kila dalili peke yake ina sababu nyingine nyingi, na mara nyingi sababu hizo si saratani. Lakini mgongo usiopona pamoja na upungufu wa damu au figo zinazodhoofika, kwa mtu aliyevuka miaka 50, ni jambo la kuchunguzwa. Kuandikiwa vidonge vya kuongeza damu bila kutafuta chanzo ni kupoteza muda.

Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Wenye zaidi ya miaka 60. Chini ya 40 ni nadra. Huwapata wanaume kidogo zaidi kuliko wanawake, na watu weusi karibu mara mbili ya weupe. Haiambukizi.

Niombe vipimo gani?

Anza na picha kamili ya damu, kreatinini (taka ya damuni inayoonesha figo zinavyofanya kazi) na kalsiamu. Shaka ikibaki, daktari ataagiza elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha protini za damu, pamoja na kipimo cha minyororo myepesi, yaani vipande vya kingamwili vinavyomwagwa na seli hizo. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hunasa zaidi albumini, protini ya kawaida ya damu, na huweza kukosa kabisa minyororo hiyo, ingawa daktari Mwingereza Henry Bence Jones aliieleza protini hiyo ya mkojoni tangu miaka ya 1840. Kwa hiyo kijiti kikisema "hakuna protini", mayeloma bado haijaondolewa.

Eksirei nayo huchelewa: haioneshi tundu mpaka mfupa umepoteza takriban theluthi ya madini yake. Picha za CT au MRI, zinazoonesha ndani ya mwili kwa undani, huona mapema zaidi. Uthibitisho hutokana na sampuli ya uboho, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga.

Nimekutwa na ile protini ya aina moja kwenye damu lakini sina dalili yoyote. Nina saratani?

Pengine huna. Takriban asilimia 3 ya watu waliovuka miaka 50 wanayo kwa kiwango kidogo, na kila mwaka ni kama asilimia 1 tu yao wanaoingia kwenye mayeloma au ugonjwa wa jamii yake. Utafuatiliwa kwa vipimo, bila dawa.

Naweza kuendelea na dawa za maumivu?

Diklofenaki na ibuprofeni huweza kuzimaliza figo ambazo tayari zinashambuliwa. Kama mayeloma inashukiwa, ziache na umwombe daktari mbadala. Parasetamoli kwa kipimo sahihi huwa salama zaidi kwa figo.

Inapona?

Kwa wengi haiponi kabisa, ila hudhibitiwa, na wapo wanaoishi nayo miaka mingi. Figo zilizookolewa mapema hurahisisha matibabu yote yanayofuata.

Dalili zipi hazisubiri miadi?

Miguu kuishiwa nguvu ghafla, ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini au kuzunguka sehemu za siri, kushindwa kukojoa au kushindwa kuzuia haja. Huenda uti wa mgongo unabanwa, na kukawia kwa saa chache tu kunaweza kumwacha mtu amepooza. Vivyo hivyo kwa mgonjwa anayeanza kusinzia na kuongea mambo yasiyoeleweka. Nenda kitengo cha dharura siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.