Je, wajua kwa nini ndege moja ya mabomu ilihitaji ndege 11 za mafuta?

Usiku wa Aprili 30, 1982, Waingereza walirusha ndege 2 za mabomu aina ya Vulcan na 11 za kubeba mafuta aina ya Victor kutoka uwanja wa Wideawake, kisiwani Ascension, katikati ya Atlantiki. Shabaha ilikuwa uwanja wa Stanley, visiwa vya Falkland, vilivyokuwa mikononi mwa Argentina, takribani kilomita 6,300 kusini. Vulcan ya kushambulia ilikuwa 1 tu. Ya pili ilikuwa ya akiba.

Wengi hudhani Victor zile zilipokezana kuijaza Vulcan mafuta hewani, moja baada ya nyingine. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa Victor kuijaza Victor mwenzake, kwa sababu injini zake huchoma mafuta yaleyale iliyobeba.

Mfikirie mpagazi mwenye chakula cha siku 6. Akitembea siku 2, amekula cha siku 2, na cha siku 2 lazima abaki nacho cha kurudia. Anachoweza kutoa ni cha siku 2 tu. Akifika siku ya 3, hana cha kutoa. Ili atoe kilekile cha siku 2 akiwa siku ya 3, mwenzake amjaze kwanza siku ya 2. Siku moja zaidi imegharimu mpagazi mzima, na gharama huzidi kupanda kadiri safari inavyorefuka.

Hesabu hiyo haina nafasi ya hitilafu, nazo zilitokea. Dirisha la Vulcan ya kwanza lilikataa kuziba, ikarudi; ya akiba, XM607, ikashika nafasi. Ilikuwa nzito kupita kiwango, tena iliruka kwa kimo na kasi zisizoifaa ili iende pamoja na Victor, hivyo ikanywa mafuta kuliko ilivyopangwa. Mbele zaidi, ndani ya dhoruba, mrija wa kupokelea mafuta wa Victor moja ulivunjika. Iliyokuwa ikiijaza ikayachukua tena mafuta yake, ikasonga kusini badala yake, ikaipa Vulcan kiasi pungufu, na yenyewe ikabaki bila mafuta ya kuifikisha Ascension. Ilibidi Victor nyingine itumwe kuipokea.

XM607 iliangusha mabomu 21. Moja likaitoboa njia ya kurukia ya Stanley. Safari nzima ilichukua karibu saa 16.

Wideawake nayo ilibana. Ina njia moja ya kurukia, bila njia sambamba ya kuondokea. Victor nne zilizorudi mapema zikiwa na mafuta kidogo hazikuweza kusubiriana hewani: kila moja ilitua ikaenda kusimama mwisho kabisa wa njia, nyuma yake nyingine ikitua. Breki za ya mwisho zingeshindwa, ingezigonga zote tatu.