Kituo cha Kilimo cha Mjini Mombasa: Maji Kwanza, Ukumbi Mwisho

Mpango wa kituo cha kufundishia kilimo cha mjini ukizungumzwa, mchoro wa kwanza huwa wa ukumbi: viti, ofisi, lango pana. Shamba hupewa kipande kilichosalia nyuma, karibu na vyoo. Ushauri wetu kwa shule, kamati za mitaa na wadi zinazofikiria kuanzisha kituo kama hicho hapa Mombasa ni kuugeuza mpango huo. Yapangwe maji, kisha udongo, kisha vipando, yaani sehemu za kupandia, na jengo liyafuate. Juu ya hayo tunaomba kanuni moja isivunjwe: kituo kisifundishe kwa kutumia kitu ambacho mwanafunzi wake hana nyumbani. Mama wa Likoni anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20, akifundishwa kilimo kwenye bomba lisilokatika, atarudi kwake na daftari tu.

Maji ya mji huu hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Mgao umezoeleka mitaani, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Lakini mvua tunayo. Kwa mwaka hunyesha takriban milimita 1,000, nyingi zikija na masika kati ya Aprili na Juni, na kiasi kidogo zaidi wakati wa vuli. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la mabati la mita za mraba 200, hata tukitoa sehemu ya tano inayopotea, hukusanya lita 160,000 kwa mwaka.

Sasa tazama upande wa matumizi. Mboga za majani katika jua la Januari na Februari hunywa kiasi cha lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Matuta ya mita za mraba 100 yatataka lita 500 kila siku, na kiangazi cha siku 90 kitamaliza lita 45,000. Tangi la lita 50,000 likiwa limejaa Desemba, litafika Machi. Vuli ikikosa, nusu ya matuta yafunikwe kwa matandazo na kupumzishwa, na wanafunzi waelezwe sababu. Hesabu hii iandikwe ukutani karibu na tangi, na kipimo cha maji kiwe nje mahali hata mtoto wa darasa la nne anaweza kukisoma. Akirudi kwao apime paa lao mwenyewe. Kuvuna mvua hakukuja na miradi. Wazee wetu walijenga birika za kuhifadhi maji misikitini na majumbani, na Fort Jesus ina yake.

Mambo mawili hapa hayana mjadala. Maji ya mvua ya kwanza ya msimu, yanayosafisha vumbi na vinyesi vya kunguru, yamwagwe pembeni kabla ya kuingia tangini. Na kila tundu la tangi liwe na wavu wa kuzuia mbu. Mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama, na Mombasa imepata milipuko ya homa hiyo, ukiwemo wa 2013 na wa 2017. Kituo cha elimu hakiwezi kuwa kiwanda cha mbu.

Udongo unataka uvumilivu zaidi. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mahali pengi jembe hugonga jiwe mapema, na udongo wenyewe umejaa chokaa. Chokaa ikizidi, madini ya chuma hufungika na mmea hauyapati. Utaona majani machanga yamegeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Wengi huongeza mbolea ya dukani bila nafuu. Dawa yake ni mboji, tena nyingi, ndani ya matuta yaliyoinuliwa.

Anayedhani udongo hauwezi kutengenezwa juu ya mwamba aende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya mawe ya chokaa yaliyoachwa wazi. Mivinje ilistahimili, majani yake yakaanguka, jongoo wakayala na kuyageuza mboji, na mimea mingine ikapata pa kushika mizizi. Leo hapo ni Haller Park. Ziara ya nusu siku huko inafundisha kuliko picha nyingi za ukutani, na tungependa iwe sehemu ya kila kozi.

Kwa mboji ya kituo, mali ghafi imetuzunguka: mabaki ya mboga na matunda ya soko la Kongowea, samadi ya ng'ombe na mbuzi, majani, na makumbi ya nazi. Makumbi yaliyotolewa nyuzi huacha vumbi linaloshika maji vizuri sana, ila yale yaliyolowekwa pwani kwa ajili ya kamba yana chumvi, na lazima yasuuzwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi. Mapipa ya mboji yawe na vifuniko vizito. Kunguru wa Mombasa kila mtu anawajua: hufukua taka, hung'oa miche na hubeba vifaranga.

Kabla ya tuta la kwanza, udongo upimwe madini ya risasi. Katika hili hatulegezi neno. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha risasi ardhini na katika miili ya watu. Mwaka 2020 mahakama mjini humu iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi haiozi wala haitolewi kwa mboji. Hudhuru ubongo wa mtoto, na humfikia zaidi kwa vumbi na kwa mboga zenye mchanga. Palipokuwa gereji, karakana ya betri au jaa la taka pasipandwe mboga mpaka majibu ya maabara yapatikane.

Baada ya hapo ndipo tuchore vipando, navyo vifanane na makaazi ya watu. Kimoja kiwe ua wa nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ambapo wapangaji hugawana nafasi ndogo na kamba za nguo: bustani za magunia, ndoo zilizotobolewa, mapapai pembeni. Tuta la kawaida lisizidi upana wa mita 1.2, mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo, na machache yainuliwe hadi sentimita 70 kwa ajili ya wazee na wanaotumia viti vya magurudumu.

Kipando cha pili kiwe paa la ghorofa, na hapo somo la kwanza liwe uzito. Mita ya ujazo ya udongo uliolowa inaweza kupita tani moja na nusu. Ukiutandaza kwa kina cha sentimita 20, kila mita ya mraba inabeba zaidi ya kilo 300, ilhali sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200. Vumbi la makumbi na mboji ni vyepesi zaidi, vyombo viwekwe juu ya kuta na mihimili, na mhandisi aitwe kabla ya chochote kupandishwa. Asiye na mhandisi abaki na ndoo chache kando ya ukuta.

Jengo lenyewe halihitaji makuu. Jua la adhuhuri hupita kaskazini mwetu Juni na kusini mwetu Desemba, kwa hiyo kuta ndefu zitazame pande hizo chini ya paa lililochomoza, na kuta fupi zipokee jua la asubuhi na jioni. Kusi na kaskazi zipite ndani. Makuti yanafaa juu ya darasa la wazi kwa ubaridi wake, lakini maji yake ni machafu. Ya kuvuna yatoke kwenye mabati.

Zipandwe mboga zinazoijua pwani: mchicha, kunde, mnavu, bamia, matembele, mchunga, kisamvu. Kabichi ya bara hufunga kwa shida katika joto letu. Wanaozijua vizuri mboga hizi, namna ya kutunza mbegu zake na kwa nini kisamvu lazima kitwangwe na kupikwa sana, ni kina bibi wa Kisauni na Jomvu. Waajiriwe kama walimu, kwa malipo ya mwalimu.

Masomo yawe Jumamosi, na siku nyingine baada ya alasiri, watu wakishatoka kazini. Ramadhani yahamie asubuhi, kabla jua halijakaza.